SELI IKO KAMA SHULE: KUTOKA BIRO YA PREFE MUPAKA KATIKA KINU CHA SOMBE



Mwezi huu tunaandika juu ya seli, ile ambayo katika vitabu vyetu vya Kifaransa inaitwa «cellule». Tumechagua somo hili kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza: wanafunzi wengi wanajua kutaja majina ya sehemu za seli. Membrani, kiini, ribozomu, mitokondriya, vakuoli: wanayataja mbio mbio, bila kupumua. Lakini ukiuliza, «Mitokondriya inafanya kazi gani? Na ikisimama, ni nini itatokea?», kimya. Jina bila kazi halikai katika kichwa. Siku ya mutihani wa Serikali linakimbia, na wewe unabaki na kalamu mukononi.

Sababu ya pili inapita mutihani. Katika inchi yetu kuko watu, sana sana watoto na wamama, wanaopoteza nguvu ya miguu kwa maisha yao yote, na jambo hilo linaanzia ndani ya seli za muhogo na kuishia ndani ya seli za mwili. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Mutu asiyejua sehemu za seli hawezi kuelewa konzo inatoka wapi, wala juu ya nini wazee wetu waliloweka muhogo siku nyingi mbele ya kuusaga. Tutafika pale. Lakini kwanza tujenge seli yetu pole pole.

1. SELI NI NINI?

Kila kitu chenye uzima kimejengwa na seli, sawa vile nyumba inajengwa na matofali. Jani la muhogo, kuku, samaki, mutu: wote ni seli. Viumbe vingine, kama vile amiba na kijidudu cha malaria, viko seli moja tu.

Mutu wa kwanza kutumia jina hili alikuwa Robert Hooke wa Uingereza, katika mwaka wa 1665. Alikata kipande chembamba cha kizibo cha chupa, kile kinachotoka katika gome la muti, akakitazama kwa mikroskopi. Akaona vyumba vidogo-vidogo vimepangwa. Akaviita hivyo, vyumba vidogo; njo maana kwa Kifaransa neno lile lile linasemwa pia juu ya chumba cha gereza. Lakini Hooke aliona kuta tupu, sababu gome lile lilikuwa limekwisha kufa. Alikuwa kama mugeni anayefika shuleni wakati wa likizo kubwa: anaona majengo, haoni kazi. Katika miaka ya 1838 na 1839 Wajeremani wawili, Schleiden kwa upande wa mimea na Schwann kwa upande wa wanyama, walifundisha kwamba vyote vimejengwa na seli. Halafu mwaka wa 1855 Virchow akaongeza: kila seli inatoka katika seli nyingine iliyotangulia.

Seli iko kidogo sana. Kamata rula yako, tazama milimita moja. Seli nyingi za mwili wetu, ukizipanga mustari, zinaingia 50 mupaka 100 katika milimita ile moja. Mwili wa mutu mukubwa uko na seli karibu miliyari 30 000. Ni watumishi wengi, na kila moja iko kama shule nzima, na mulango wake, biro yake na jiko lake.

2. TUCHUKUE SHULE YENYE WANAFUNZI WANAOLALA

Tumechukua mufano wa shule, kwa kuwa kila mumoja wetu anaijua. Tuingie kwa mulango mukubwa.

a) Lupango na mulinzi: hii ni membrani.

Shule iko na lupango, na kwenye mulango kuko mulinzi. Mulinzi mwema hafungii kila mutu, wala hafungulii kila mutu. Gari la unga linaingia, mwizi anarudishwa, takataka zinatoka. Membrani iko vile. Ni ngozi ya mafuta na protini, nyembamba sana: gawanya milimita moja mara laki moja, unene wake haufiki hata sehemu moja kamili. Oksijeni inapita yenyewe. Sukari inapita kwa mulango wake wa protini. Chumvi nyingine zinarudishwa inje na pampu, na pampu hiyo inakula nguvu ya seli usiku na mchana. Membrani ikipasuka, kila kitu cha ndani kinamwagika na seli inakufa.

Seli ya mumea iko na kitu cha kuongeza. Inje ya membrani kuko ukuta mugumu wa selulozi, kama vile ukuta wa matofali inje ya lupango la miti. Ukuta huu njo unafanya ubao kuwa mugumu na pamba kuwa uzi. Seli ya mutu haina ukuta huo. Mutihani unapenda kuuliza tofauti hii. Tena mushike neno moja: katika ukuta wa seli ya muhogo kunakaa mutumishi mumoja anayengojea kazi. Tutamukuta katika kinu.

b) Uwanja: hii ni sitoplasma.

Kati ya lupango na majengo kuko uwanja. Lakini uwanja wa seli haukukauka, uko kama uji muzito wa maji, chumvi na protini, na sehemu zote za seli zinaogelea ndani yake. Kazi nyingi zinafanyika palepale katika uji huo. Kwa mufano, kule njo sukari inaanza kuvunjwa mbele ya kupelekwa kwenye mashine.

c) Biro ya prefe: hii ni kiini.

Katika biro ya prefe kuko kitabu kikubwa cha kanuni na mipango yote. Kitabu hicho hakitoki. Kikitoka, mvua itakilowesha, na mikono mingi itakipasua. Mupishi akitaka kujua mipango ya jikoni, haletewi kitabu. Sekretere anapiga stensili ya ukurasa mumoja tu, wanatoa nakala, na nakala inapelekwa kazini, sawa vile gazeti hili unaloshika sasa.

Kitabu cha seli kinaitwa ADN, na nakala inaitwa ARN. Kwa seli ya mutu kitabu kimegawanywa mafungu 46 yanayoitwa kromozomu. Kwa muhogo ni 36. Nyuzi za ADN za seli moja ya mutu, ukizinyoosha na kuziunganisha, zinafika karibu metre 2, nazo zimekunjwa ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Kila seli iliyo na kiini inashika kitabu kizima. Lakini seli ya jicho inasoma kurasa zake, na seli ya ini inasoma zake. Mwalimu wa hesabu na mwalimu wa Kifaransa wako chini ya kanuni moja, lakini kila mumoja anafuata ukurasa wake.

Na shule bila biro? Iko. Chembe nyekundu ya damu inatupa kiini chake inapokomaa, ili ipate nafasi ya kubeba oksijeni. Inafanya kazi vizuri, lakini haiwezi kupata nakala mupya ya kujitengeneza. Kwa hiyo inaishi siku 120 hivi, halafu inavunjwa na nyingine inachukua nafasi yake.

d) Mafundi: hizi ni ribozomu.

Nakala imetoka katika biro, nani anaisoma? Ni ribozomu. Tuseme ribozomu ni fundi wa kutunga shanga. Kuko shanga za namna 20, zinazoitwa asidi za amino. Nakala inasema: weka hii, sasa ile, sasa ile nyingine. Fundi anatunga bila kuruka hata moja, na kamba ya shanga ikimalizika inajikunja na kuwa protini. Protini njo watumishi wa seli: moja ni mulango, nyingine ni pampu, nyingine ni kisu cha kukata chakula. Hizi zinazokata au kuunganisha vitu tunaziita enzimu. Shanga zenyewe zinatoka katika chakula: maharagi, samaki, nyama, mayai. Mutu anayekula bugali peke yake anawapa mafundi wake kazi bila shanga.

e) Baraza na magazini: hizi ni retikulu na aparei ya Golgi.

Protini nyingi hazikai pale zilipotungwa. Zinapita katika retikulu, ambayo iko kama baraza ndefu inayoanzia kwenye biro na kuzunguka majengo. Kisha zinafika kwenye aparei ya Golgi, iliyoandikwa mara ya kwanza na Camillo Golgi wa Italia katika mwaka wa 1898. Hii ni magazini ya shule: vitu vinapokelewa, vinamalizwa, vinafungwa katika pakiti, na juu ya kila pakiti kunawekwa alama ya pahali inapokwenda. Pakiti moja inakwenda kwenye membrani, nyingine inatolewa inje kabisa, kama vile mate unayomeza sasa.

f) Mashine ya umeme: hii ni mitokondriya.

Nyuma ya majengo kuko mashine ya umeme. Inakula mafuta na hewa, inatoa umeme, na inatoa moshi. Mitokondriya inakula sukari iliyokwisha kuvunjwa nusu, pamoja na oksijeni. Inatoa maji, gazi kaboniki na nguvu. Gazi kaboniki unayotoa kwa pua saa hii unaposoma, nyingi yake imetoka katika mitokondriya zako. Nguvu yake inawekwa katika kitu kinachoitwa ATP. Uifikirie kama batri ndogo: inachajiwa kwenye mashine, inapelekwa kwenye pampu au kwenye fundi, inatumika, inarudi kuchajiwa tena. Seli moja ya ini inaweza kuwa na mitokondriya zaidi ya 1 000.

Hapa tuweke alama. Mashine ya shule inachoma mafuta kwa moto, lakini mitokondriya haiwashi moto. Inapokeza nguvu kwa ngazi, hatua kwa hatua, na kwenye hatua ya mwisho kuko protini inayopokea oksijeni. Tuiite mulango wa mwisho. Ule mulango ukizibwa, ngazi yote inasimama, hata kama sukari iko na oksijeni iko. Ni kama tuta mumoja wa moshi umezibwa: mafuta yamejaa tanki, lakini mashine inazimika.

g) Karakana ya kuvunja: hizi ni lizozomu.

Meza iliyovunjika shuleni haitupwi. Inapelekwa karakana, inabomolewa, misumari inanyooshwa, mbao nzuri zinatumika tena. Lizozomu ni vifuko vyenye enzimu za kubomoa. Vinakula sehemu za seli zilizochakaa na vijidudu vilivyokamatwa, na vipande vinarudi kwa mafundi. Ziligunduliwa na Christian de Duve wa Ubelgiji katika mwaka wa 1955. Mwaka wa 1974 alipewa zawadi ya Nobel pamoja na Albert Claude, Mubelgiji mwenzake, na George Palade aliyezaliwa Romania. Kazi ya wale watatu njo ilifungua macho ya wengi juu ya mambo ya ndani ya seli.

h) Depo yenye kufuli: hii ni vakuoli.

Katika seli ya jani vakuoli ni kubwa sana, inakamata nafasi kupita sehemu nyingine zote. Kwanza ni tanki la maji. Likijaa, jani linasimama imara. Likipungua, jani linanyauka. Lakini vakuoli ni depo pia. Shuleni, dawa ya kuua panya haiwekwi karibu na unga. Inawekwa katika depo, mulango umefungwa, na ufunguo unashikwa na mutu mwingine pahali pengine. Mimea mingi inafanya vile: inaweka sumu yake katika vakuoli, mbali na sehemu zinazofanya kazi.

i) Shamba la shule: hizi ni kloroplasti.

Seli ya jani iko na kitu ambacho sisi hatuna. Kloroplasti inakamata mwanga wa jua, inachukua maji na gazi kaboniki, inatengeneza sukari, na inaachilia oksijeni. Rangi ya kijani ya jani ni rangi yake. Bila shamba hili hakuna bugali, hakuna sombe, hakuna hata nyama, sababu mbuzi anakula majani. Tena musidanganyike: mumea uko na kloroplasti na mitokondriya pia. Mwenye shamba naye anahitaji mashine.

3. PAHALI MUFANO UNAKOMEA

Mufano ni ngazi ya kupandia, lakini si nyumba. Musiandike katika mutihani kwamba kiini ni prefe. Prefe anafikiri na kuamua, lakini kiini hakifikiri: kinashika kitabu, na protini zinafungua ukurasa huu au ule kufuatana na habari zinazofika. Tena majengo ya shule hayatembei, lakini sehemu za seli zinasukumwa, zinagawanyika, zinaungana. Na zaidi ya yote, hakuna shule inayojigawanya usiku na asubuhi kuwa shule mbili, kila moja na kitabu kizima. Seli inafanya hivyo. Njo vile ulivyokua kutoka seli moja mupaka kuwa mwanafunzi.

4. SASA TUINGIE KATIKA KINU

Muhogo, majani na mizizi, uko na kitu kinachoitwa linamarini. Kinakaa ndani ya vakuoli, katika depo yenye kufuli. Ule mutumishi tuliyesema anangojea katika ukuta ni enzimu, jina lake linamaraze. Wakati seli ni nzima, hawa wawili hawakutani, sababu membrani ya vakuoli na membrani ya seli ziko katikati yao. Muti unakaa salama.

Panzi au mbuzi akitafuna jani, kuta zinavunjika, vakuoli zinapasuka. Linamaraze inakutana na linamarini, inaikata, na mwishoni inatoka sumu kali inayoitwa sianidi. Hii ni ulinzi wa muhogo. Kadiri muhogo unavyokuwa mukali, ndivyo linamarini iko nyingi.

Sasa tazama mama anayetwanga sombe. Yeye pia anavunja kuta. Je, anatengeneza sumu? Ndiyo, na njo hekima yenyewe. Anaitoa sumu katika depo mbele ya kula, kusudi iondoke. Sianidi inageuka hewa karibu na digrii 26 tu. Katika kinu inaanza kutoroka, na katika chungu kinachochemka wazi inakwenda na mvuke. Linamarini yenyewe haitoroki hivyo, inabaki mupaka ikatwe.

Kwa hiyo yule anayetupa majani mazima katika maji ya moto anaharibu kazi. Moto unaua linamaraze mbele haijakutana na linamarini. Mutumishi amekufa, depo imebaki na mali yake, na nyingi yake inaingia katika sahani. Twanga kwanza, twanga sana, kisha upike.

Kwa mizizi ni vile vile. Ukiloweka muhogo mukali katika maji, vijidudu vya maji vinalainisha kuta za seli, vakuoli zinaachilia, enzimu inakata, na sumu inakwenda katika maji na hewa. Lakini kazi hiyo inataka muda: kwa kawaida siku tatu au zaidi, mupaka muzizi ulainike kabisa chini ya kidole. Kwa siku moja seli nyingi ziko bado nzima. Na muhogo mukali uliokatwa na kukaushwa juani bila kulowekwa unabaki na linamarini nyingi, hata ukiwa mweupe na muzuri wa kutazama.

5. KONZO

Jina konzo linatoka katika Kiyaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa huu katika mwaka wa 1938, kutoka upande wa Kwango. Mupaka leo unajulikana kule, kama vile Kahemba na Popokabaka. Mutu analala mzima; kesho, au kwa siku chache tu, miguu yote miwili inakazana na kuwa migumu. Wengine wanatembea kwa fimbo, wengine kwa magongo mawili, wengine hawatembei tena. Hauzidi pole pole kila mwaka, lakini pia hauponi. Si mapigo ya wachawi, wala hauambukizi. Tunasema hivi kwa nguvu, sababu kijana mwenye konzo anaweza kukaa darasani na kufaulu kama mwingine, lakini watu wakimuogopa hatafika hata mulangoni.

Unatoka wapi? Wale wanaokamatwa wamekula kwa majuma mengi muhogo mukali usiotengenezwa vizuri, na hawakupata protini ya kutosha. Mara nyingi ni wakati wa kiangazi, wa njaa au wa vita. Katika Bandundu ya zamani watafiti waliona kwamba, biashara ya muhogo ilipokua, watu walianza kufupisha siku za kuloweka kutoka tatu mupaka moja, ili kuuza mbio.

Sasa rudia kwenye alama yetu. Sianidi inapoingia katika seli, inakwenda kuziba mulango wa mwisho wa mitokondriya. Mashine inazimika, ATP inakosekana. Seli za neva, ambazo zinakula nguvu nyingi, zinateseka mbele ya nyingine, na katika konzo ni neva zinazoamuru miguu.

Mwili haukai bila kujitetea. Unaweza kugeuza sianidi kuwa kitu kisicho na ukali mwingi na kukitoa katika mukojo. Lakini kwa kazi hiyo unahitaji sulfuri, na sulfuri inatoka katika shanga fulani za protini: za samaki, nyama, mayai, maharagi. Mutu mwenye sahani ya bugali peke yake anapokea sumu nyingi na hana silaha. Njo sababu konzo unakamata zaidi jamaa maskini, na ndani ya jamaa ile watoto na wamama.

6. TUPELEKE NINI NYUMBANI?

Tunajua kwamba mwanafunzi hafundishi mama yake kupika. Lakini anaweza kueleza sababu, kwa heshima, na sababu inasaidia mutu kushika desturi nzuri wakati wa shida, pale anapotaka kuifupisha.

– Muhogo mukali uloweke siku tatu au zaidi, mupaka ulainike, kisha ukauke vizuri.
– Sombe itwangwe sana mbele ya kugusa moto, na ichemke bila kifuniko.
– Kama unga unatoka sokoni na haujulikani ulitengenezwa namna gani: changanya na maji, utandaze mwembamba, usipite sentimita 1, uache masaa 2 juani au 5 kivulini, kisha upike bugali siku ile ile. Enzimu iliyobaki katika unga inamaliza kazi yake na sumu inatoroka.
– Pamoja na bugali tafuta maharagi, ndagala au yai, hata kidogo.

7. MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Taja sehemu mbili za seli ya jani ambazo seli ya mutu haina, na kazi ya kila moja.
2. Juu ya nini chembe nyekundu ya damu haiishi zaidi ya miezi minne hivi?
3. Fuata protini moja kutoka katika ADN mupaka inje ya seli. Taja kila pahali inapopita.
4. Katika muhogo muzima, linamarini na linamaraze vinakaa wapi? Ni nini kinavitenga?
5. Mutu mumoja anasema: «Mimi nakausha muhogo mukali juani siku mbili, inatosha, umekuwa mwepesi na mweupe.» Umujibu kwa kutumia maneno seli, vakuoli na enzimu.
6. Sianidi haiondoi oksijeni katika hewa. Namna gani basi inanyima seli nguvu?
7. Tafuta mufano mwingine kuliko shule: soko, chombo cha ziwani, shamba. Chora seli yako, andika kazi ya kila sehemu, na onyesha pahali mufano wako unakomea.

Wale wasio na mikroskopi wasikate tamaa. Michoro ya muzuri inaanza na kuelewa. Na wale wa shule yenye mikroskopi watoe ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, waweke tone la maji na tone la iode, watazame: kuta zitaonekana kama matofali, na ndani ya kila chumba doa moja la kiini. Kloroplasti hamutaziona pale, kwa kuwa kitunguu kinakua chini ya udongo, mbali na jua.

Majibu ya ulizo la 5 na la 7 muyalete kwa kikundi cha sayansi mbele ya mwisho wa mwezi. Tutasoma yote, na michoro iliyo wazi kupita mingine tutaipigia stensili katika toleo linalokuja.